Nimenunua flashi ya Malcolm X pale Bondeni, nawapa ukweli wake

Mimi naendesha Kosta Arusha–Moshi, mwaka wa 9 huu, na wenzangu wa kazi hii mnajua redio ya gari ndio mwenza wako, ikikununia siku yote imeharibika. Bongo fleva nilishachoka nayo, taarabu konda wangu hataki kabisa anasema inamtia usingizi, injili abiria wanapenda ila asubuhi mpaka jioni kila siku na mimi nina masikio. Sasa mwezi uliopita niko mitaa ya Bondeni hapa Arusha natafuta tende za bi mkubwa nikaingia kwenye kaduka kamoja ka vitu vya kiislamu, jina sitaji maana nitakasema vibaya kidogo huko mbele na dogo mwenyewe ni mtu mwema. Wanauza kanzu, kofia za viua, udi, miswaki, habasoda, juzuu amma za watoto, alafu pembeni kuna dogo kakaa na laptopu anaingizia watu mawaidha kwenye flashi na memori kadi. Ukutani kabandika karatasi ya orodha, mirathi, ndoa, majini na sihri (hiyo ndio inauza kuliko zote, kaniambia mwenyewe), na chini kabisa kwa kalamu ya mkono: MAISHA YA MALCOLM X SEHEMU 11. Huyo ni yule Mmarekani mweusi, Muislamu, aliyepigania haki za watu weusi kwao.

Bei yake, ukija na flashi yako ni sh. 3,000, ukichukua ya kwao ni sh. 12,000. Nikachukua ya kwao maana yangu ina nyimbo za watoto wangu na wangenifukuza nyumbani.

Kesho yake asubuhi, gari imejaa, tunatoka stendi, nikaichomeka. Sehemu ya 1 safi kabisa. Shehe mwenye sauti ile ya Tanga, hana haraka, anaeleza mtoto kazaliwa Omaha huko Nebraska tarehe 19 Mei 1925, jina lake Malcolm Little, baba yake mhubiri wa Kibaptisti na mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyehimiza watu weusi warudi Afrika, mama yake Louise mtu wa kisiwa cha Grenada. Nyumba yao ikachomwa moto 1929, baba akakutwa amekatwa na tramu 1931 na familia ikaamini kabisa ni wazungu wamemuua, mama akaishia kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili zaidi ya miaka 20, watoto wakatawanywa. Gari zima kimya. Mama mmoja wa ndizi hapo kiti cha pili anasema "yesu wangu" kila baada ya sentensi. Mimi nikajua hapa nimepata.

Sehemu ya 1 ikaisha tuko Usa River. Ikaja inayofuata, jamaa ghafla yuko Jeddah uwanja wa ndege amevaa ihramu. Nikasema labda shehe anaruka mbele kidogo atarudi. Wapi. Kufika Boma Ng'ombe jamaa ameshapigwa risasi, amezikwa, shehe anamuombea dua na watu wengine wanaitikia amin. Tumepita Kwa Sadala naona redio inaendelea, Malcolm ana miaka 15 yuko Boston kwa dada yake Ella anarelaksi nywele. Yule mama wa ndizi akashindwa kuvumilia, akaniuliza, "Baba, huyu mtu si tumemzika Boma? Huku Weruweru anafanya nini saluni?" Konda akajibu "kafufuka mama". Gari ilicheka mpaka Moshi.

Kumbe shida ni ndogo tu ila inauma. Dogo ameandika mafaili 1, 2, 3 mpaka 11, na redio nyingi za magari zinasoma namba kama herufi, kwahiyo ikimaliza 1 inakimbilia 10, kisha 11, ndio irudi 2. Ilitakiwa iwe 01, 02, 03. Jioni nikarudi nikamweleza, akacheka sana, akarekebisha dakika 2, hakuchukua hela, na akanipa kijiti cha udi cha kuwasha kwenye gari. Kwa huduma hapo nampa haki yake. Ila swali ni wangapi wameuziwa hivyo hivyo wakasikiliza mtu anakufa kwanza ndio anaenda jela, na hawakurudi.

Haya, yaliyomo. Nimeshazunguka nayo mara tatu nzima, kila sehemu ni kama dakika 35 hadi 40, ukiwa na foleni ya Tengeru unapata sehemu tatu kwa safari moja.

Sehemu ya 2 na ya 3 ni ya ujana, na shehe anajua kusimulia. Kuna pale mwalimu wake shuleni anamuuliza unataka kuwa nani, dogo anasema mwanasheria, na darasani ni katika wanaoongoza, mwalimu anamwambia hiyo sio kazi ya mtu mweusi, wewe mikono yako ni mizuri kuwa seremala. Nimeisikia mara tatu na mara zote tatu nimekaza usukani. Sio kwamba useremala ni kazi mbaya, baba yangu mdogo kasomesha watoto wanne kwa randa na msumeno pale Majengo, ila kuchaguliwa na mtu ambaye hajakuuliza unaweza nini, hiyo ni kitu kingine. Baada ya hapo mtoto shule ikamtoka moyoni, akaenda Boston, akaenda Harlem, mtaa wa watu weusi New York, bangi, kokeini, kamari, wizi wa majumbani. Alivyokamatwa sasa ndio kichekesho, alipeleka saa ya wizi kwa fundi itengenezwe, polisi wakamsubiria hapo hapo. 1946 hiyo, akapigwa miaka 8 mpaka 10, akakaa sita na nusu hivi.

Sehemu ya 4 ndio ya kununulia flashi nzima. Jela. Anaona aibu hajui maneno, barua yenyewe hawezi kuandika ikaeleweka, anaomba kamusi na daftari anaanza kuinakili ukurasa wa kwanza wote kwa mkono, mpaka vituo, kisha anajisomea kwa sauti alichoandika, kesho ukurasa wa pili, akaenda hivyo mpaka akaimaliza kamusi. Usiku saa 4 taa zinazimwa, kuna mwanga wa korido unaingia kidogo kwenye chumba chake, anakaa sakafuni anasoma, askari akipita anaruka kitandani anajifanya amelala, akishapita anarudi chini. Hapa konda wangu, kijana wa Machame, Mlutheri wa kwaya kabisa, aliniomba nirudishe nyuma. Yeye aliachia shule kidato cha pili. Hakusema kitu, alisema tu "rudisha hapo pa kamusi suka".

Sehemu ya 5 na 6 naomba niseme ukweli ni ndefu bila sababu. Ni pale anapoingia Nation of Islam, kile kikundi cha watu weusi Marekani kilichoongozwa na Elijah Muhammad. Shehe ana haki ya kueleza kwamba ule haukuwa Uislamu huu tunaoujua sisi, kufundisha kwamba mzungu ni shetani kwa maumbile na kwamba Elijah ni mtume, hiyo hakuna msikiti hapa Arusha ungeikubali. Lakini dakika 70 za kurudi hapo hapo, aya baada ya aya, abiria wamelala mpaka kuna mmoja alipitiliza Kikatiti akanilaumu mimi. Angesema kwa dakika 10 tukaelewa. Na angebakisha muda wa kueleza kwanini watu waliofungwa, walevi, waliokata tamaa walikuwa wanaingia mle wanatoka wamenyooka, suti safi, hawanywi, hawavuti. Hilo swali analigusa analiacha. Ile X kaieleza vizuri lakini, kwamba Little ni jina la mtu aliyewamiliki babu zake, la kwao la Afrika limepotea, basi anaweka X kama ile ya hesabu, namba usiyoijua.

Sehemu ya 7 inarudisha moto. 1957 Harlem, polisi wamempiga muumini mmoja, Johnson Hinton, wamempasua kichwa wamemweka selo. Malcolm anakwenda kituoni na vijana wake wamepanga mistari nje, hawasemi neno, nyuma yao umati unakuwa mkubwa, anadai mtu apelekwe hospitali, anapelekwa. Alafu anatoka nje, anafanya ishara ya mkono tu, watu wote wanaondoka kimya. Shehe anaieleza hii kama anaiona. Hapo ndio unaelewa kwanini serikali yao ilianza kumuogopa, mtu wa kupiga kelele hana shida, wa kuwanyamazisha watu ndio shida. Kuna na habari za Muhammad Ali, wakati huo anaitwa Cassius Clay, Malcolm alikuwa naye Miami Februari 1964 anachukua ubingwa kwa Sonny Liston, na miezi michache mbele wanakutana Ghana Ali anampa mgongo kwasababu Malcolm ameshatoka kwa Elijah. Konda anapenda ndondi, alinuna mpaka tunafika.

Sehemu ya 8 na ya 9 ni ugomvi wa kutoka. Rais Kennedy wa Marekani ameuawa Novemba 1963, Malcolm anatoa kauli kali kwamba Marekani imevuna ilichopanda, anafungiwa kuongea siku 90, na huku nyuma ameshajua kiongozi wake amezaa na makatibu wake wa ofisini. Machi 1964 anatoka. Inaeleweka, haina mbwembwe, twende.

Sasa sehemu ya 10. Hija, Aprili 1964. Hapa shehe amefanya kazi ya kweli. Jeddah wanamchukulia pasipoti, Mmarekani anayesema ni Muislamu lazima athibitishwe kwanza mahakama ya mahujaji, anawekwa kwenye jengo la uwanja wa ndege na mahujaji wa nchi nyingine. Na wakati wa kuswali ndio aibu inakuja, mtu ambaye ameongoza hekalu la Harlem tangu 1954, anahubiria maelfu, hajui kuswali vizuri. Maneno ya Kiarabu hayajui, kikao cha tahiyatu miguu inamuuma haikunji, anaangalia wenzake anaiga. Mimi nakubali nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, maana na mimi ni Muislamu wa Ijumaa kwa Ijumaa na nina sura moja naiogopa kuisoma nikiwa imamu nyumbani. Kisha anaswali na watu wa rangi zote, anakula nao sahani moja, wengine weupe macho ya bluu, anaandika barua nyumbani kwamba alichokuwa anafundisha kuhusu wazungu wote inabidi akipange upya. Anaitwa sasa El-Hajj Malik El-Shabazz. Shehe analia kabisa kwenye rekodi, sauti inakatika, unasikia anakunywa maji.

Sehemu ya 11 inaanza. Na jamaa anauawa.

Yaani hivyo tu. Makka, mlango unafungwa, unafunguliwa ni tarehe 21 Februari 1965, Jumapili, ukumbi wa Audubon huko New York, ametoa salamu, vurugu zinaanzishwa katikati ya watu kuwapoteza walinzi, risasi. Miaka 39. Mkewe Betty yuko ukumbini na watoto wanne na mimba ya mapacha. Inasikitisha na kaielezea vizuri, lakini kati ya Makka na hapo kuna miezi 10 na mimi kwa mara ya kwanza sikujua kama imepotea, nilidhani alirudi akakaa mwaka akauawa basi.

Aliyenifungua masikio ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, huwa anapandia Maji ya Chai anakaa mbele na mimi. Ilivyofika hapo akaniambia, "Kijana, mbona huyu shehe wako hajasema kwamba alikuja Dar es Salaam?" Nikamwambia shikamoo tena mzee wangu, sikuelewa. Akasema alikuja, Oktoba 1964, akaonana na Nyerere, na nchi wakati huo hata jina la Tanzania haijapewa rasmi, limekuja mwisho wa mwezi huo huo. Nilidhani mzee anapiga stori za kijiweni. Nimefika nyumbani nimemaliza bando la data kutafuta, na ni kweli kabisa.

Ule muda ulioachwa ndio mtu alikuwa anakimbia kuliko maisha yake yote. Ibadan Nigeria wanafunzi wamempa jina Omowale, la Kiyoruba, mtoto aliyerudi nyumbani. Ghana kaonana na Nkrumah. Juni 1964 kaanzisha umoja wake kwa mfano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu iundwe Addis. Julai yuko Cairo kwenye mkutano wa marais wa Afrika, anawapa waraka kwa maandishi kwamba mambo ya watu weusi Marekani msiyaite haki za raia, ukiyaita hivyo ni ugomvi wa ndani ya nyumba, yaiteni haki za binadamu ili yafike Umoja wa Mataifa na nyinyi mtusemee. Hiyo ndio siasa yenyewe! Kisha anakuja kwetu, Dar, na kutoka Dar alipanda ndege moja na Kenyatta na Obote. Alafu aliyekuwa rafiki yake hapa ni Abdulrahman Babu wa Zanzibar, waziri, na Desemba 1964 Babu akaenda New York akapanda jukwaani kwa mwaliko wa Malcolm, ukumbi ule ule wa Audubon. Miezi miwili baadaye ndipo Malcolm akauawa hapo. Mzanzibari amesimama palepale, na rekodi nzima ya Kiswahili, ya shehe wa Tanga, inauzwa Arusha, haina neno hata moja la Babu. Hiyo imeniuma kuliko yale mafaili.

Mzee hakuishia hapo. Tunapita hapo Maji ya Chai akanionyesha kwa mkono upande wa Imbaseni, akasema huko kuna Mmarekani anaitwa Pete O'Neal, alikuwa Black Panther wa Kansas City, lile kundi la vijana weusi wa Marekani waliopigania haki zao, alikimbia kesi ya bunduki akafika Tanzania 1972 na mkewe Charlotte, wakajenga kituo, wanafundisha vijana. Panther walianzishwa Oakland 1966, mwaka mmoja tu na ushee baada ya mauaji, na vijana wale walikuwa wanamsoma Malcolm kama msahafu wao. Mwingine wao, Geronimo ji Jaga, aliyekaa jela miaka 27 kwa kesi iliyokuja kufutwa, kafia huko huko Imbaseni 2011. Mimi nimepita njiapanda ile mara nne kwa siku miaka 9, nashusha watu, najaza watu, sijawahi kujua. Sehemu ya 11 shehe anasema athari za Malcolm ni kwamba wamarekani wengi weusi wamesilimu. Kweli, wamesilimu, na wengi wa wafuasi wa Elijah wenyewe walikuja kuhamia Sunni chini ya mtoto wake Warith Deen baada ya 1975. Ila hiyo ni athari ya upande mmoja. Upande wa pili uko kilometa 30 kutoka kwenye duka lenyewe.

Na kosa jingine la sehemu ya 11, anawataja watu watatu waliofungwa kwa mauaji kama wote ndio walioua. Novemba 2021 mahakama ya New York iliwafutia hatia wawili, Muhammad Aziz na Khalil Islam, walikaa jela miaka 20 na kitu, na Khalil alikuwa ameshafariki tangu 2009. Sasa unawatangazia watu wauaji kwenye spika za Kosta na wameshasafishwa, hiyo sio sawa hata kidini.

Nikarudi dukani mara ya pili. Nikamwambia dogo, ustadhi, hii rekodi ina shimo katikati. Akaniuliza kama liko kwenye faili gani anipe jipya. Nikamwambia sio faili, ni shehe mwenyewe. Akakaa kimya, akasema watu wanaonunua hii wanaipendea Hija, wengine wanasikiliza ya 10 peke yake, na akiweka ya siasa kuna wateja wataanza kuuliza maswali. Bi mkubwa mwenye duka akadakia kutoka kwenye pazia, "Kwani Babu si alikuwa mkomunisti?" Nikacheka nikanunua tende nikaondoka. Sikumjibu maana sikujua nianzie wapi.

Kwahiyo mnunue? Nunueni. Sh. 12,000 kwa masaa 7 ya mtu anayejua kusimulia, sauti safi, hakuna matangazo ya dawa za kuongeza nguvu katikati kama rekodi nyingine nilizowahi kuuziwa. Sehemu 4, 7 na 10 ni moto. 5 na 6 sikilizeni mkiwa mnaosha gari. Mimi nyota 5 natoa 3 na nusu, hiyo nusu ni ya konda na kamusi. Flashi yenyewe ni ya plastiki nyepesi, ya kwangu kifuniko kimeshapotea ila inasoma.

Duka linafunguliwa saa 3 asubuhi kwa maneno yao, kwa macho yangu ni saa 4. Ijumaa msiende kuanzia saa 6, wanafunga mpaka baada ya swala. Na kabla hujalipa mwambie dogo akuonyeshe majina ya mafaili, akiandika 1 mwambie aanze na sifuri.